Kuhama softwea ya kurekodia nyumbani bila kupoteza nyimbo zako: kutoka FL Studio kwenda Reaper, mwongozo kamili

Wakuu habari za mida. Mi narekodi nyumbani hapa Kijenge, Arusha, chumba kimoja tu, ukuta mmoja nimeupiga magodoro ya zamani na mwingine mablanketi, na wateja wangu wengi ni kwaya ndogondogo pamoja na machalii wa hip hop ambao studio za mjini zinawashinda bei. Miaka yote nilikuwa nafanya kila kitu kwenye FL Studio, mpaka ikaja kwaya moja ya watu 14, wakaimba sauti nne, kila sauti mara mbili, juu yake magitaa, kinanda, besi, makofi na vigelegele, nikajikuta nazunguka kwenye skrini kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku. Ndo nikaamua nahama.

Sio kwamba FL ni mbovu, biti zangu mpaka leo natengenezea huko huko. Ila kurekodi watu wengi kwa mafungu, kukata, kurudia mstari mmoja mara saba na kuchagua uliotoka vizuri, mi naona kunataka programu iliyojengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Kwahiyo kabla hujafika mbali jiulize kwanza kazi yako ni ipi. Kama wewe ni wa biti na vokali mbili tatu juu, kaa ulipo, usihame kwa sababu jamaa yako kahama.

Halafu usihame katikati ya kazi ya mtu. Mteja anasubiri wimbo Jumamosi, we Alhamisi unainstoo programu mpya, hapo unatafuta kesi.

KUCHAGUA PA KUHAMIA

Sitakaa sana hapa. Audacity ni ya bure na nzuri kwa kukata mahubiri au podikasti, na efekti za kusikiliza papo hapo bila kuzichoma kwenye sauti ilizipata toleo la 3.2 mwaka 2022, ila kwa wimbo wa traki 30, yaani mistari 30 ya sauti, utachoka. Cubase ya Steinberg ni mkongwe, hao hao ndo walioleta VST, ule muundo wa plagini, mwaka 1996, ina kila kitu ila matoleo makubwa yana bei. Mi nilienda Reaper kwa sababu tatu. Faili lake la kuinstoo ni dogo, yaani bando la siku linatosha na chenji inabaki. Unapewa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili, hakuna kitu kilichofungwa. Na leseni ya mtu wa nyumbani ni dola 60, tuseme dola ikiwa 2,500 hiyo ni 150,000, unalipa mara moja, nami nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Siku 60 zikiisha inaendelea kufunguka na kukukumbusha ulipe, sasa hapo ni wewe na dhamira yako, ila ukianza kula hela ya wateja lipa tu. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, kama uliwahi kukaa internet kafe miaka ya 2000 unaijua.

Mambo ya kreki, yaani programu zilizovunjwa leseni, siyasemi mengi. Niliwahi kuweka plagini (kiprogramu cha kuongezea efekti au vyombo) ya kreki niliyopewa kwenye flashi, wiki mbili baadaye laptopu ikawa inajizima yenyewe, fundi akaiformati yote bila kuniuliza, nyimbo tisa zikaenda. Kwahiyo ninapoongelea bakapu huko chini naongea na kidonda.

USIHAMISHE PROJEKTI, HAMISHA SAUTI

Hapa ndo penye kazi yenyewe, ukipaharakisha utalia.

Watu wengi wanadhani utafungua projekti ya FL ndani ya Reaper. Haifunguki. Kila programu ina faili lake na lugha yake, kuna miundo ya kubadilishana kama AAF na ile DAWproject ambayo kampuni za Bitwig na PreSonus ziliitoa 2023, ila kwa njia yetu hii usiitegemee. Kitu kinachosomeka kila mahali ni WAV, yaani sauti yenyewe, na MIDI, yaani noti zilizopigwa, basi. Kwahiyo unachofanya ni kutoa kila traki kama faili lake la WAV, zote zikianzia sekunde sifuri, hata kama makofi yanaingia dakika ya tatu. Hiyo ya kuanzia sifuri ndo siri, maana ukija kuzimwaga upande wa pili zinajipanga zenyewe, huna haja ya kukisia kwamba kiitikio kiliingia wapi.

Kwanza hesabu nafasi. Traki moja mono ya bit 24 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde inakula kama MB 8 kwa dakika, stereo ni MB 16, na FL huwa inatoa stereo hata kama ni vokali ya maiki moja. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 unakuwa karibu GB 1.3. Nyimbo 30 ni kama GB 39. Flashi ya GB 64 inatosha, ila mi nashauri hard diski ya nje, flashi za mtaani zingine zimeandikwa 64 ukijaza GB ya nane zinaanza kula mafaili.

Halafu chagua wimbo mmoja, MMOJA, ambao umeshaisha na unaujua kichwani. Huo ndo wa majaribio. Mi nilijifanya mjanja nikatoa nyimbo 11 usiku mmoja, saba zikatoka mbovu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe: niliacha limita (inayobana sauti isipite kiwango) na EQ (ya kurekebisha besi na treble) zikiwa zimewashwa kwenye masta, ile traki ya mwisho ambayo wimbo wote unapitia. Sasa fikiria, ukitoa traki moja moja kila moja inapita peke yake kwenye ile limita, besi inabanwa peke yake, vokali inabanwa peke yake, ukija kuzijumlisha huko mbele hazifanani kabisa na wimbo uliokuwa unausikia.

Kwahiyo fuata hivi. Fungua wimbo, uhifadhi kwa jina jipya lenye neno KUHAMA mwishoni ili ule wa asili usiguswe. Nenda masta, zima kila kitu. Kisha pita traki kwa traki kwenye mikisa uangalie majina, ile "Insert 14" ibadilishe iwe "Soprano 2 kushoto", maana jina la traki ndo linakuwa jina la faili, na kesho huwezi kukumbuka 14 ilikuwa nani. Hakikisha kila chombo kina traki yake, ukikuta ngoma zote, kiki na sneya na hi-hat, zimemwagwa kwenye traki moja zitenganishe sasa hivi.

Angalia pia traki za kukusanyia, yaani ile ambayo soprano zote zinapitia humo kabla ya masta. Inaweza kutoka na faili lake lenye soprano zote tena, na ukiziweka zote pamoja upande wa pili soprano inajirudia, inapanda desibeli 6 na wewe unashangaa mbona wamama wanapiga kelele leo. Ama toa zile mojamoja, ama toa ya mkusanyo, usichanganye.

Kisha File, Export, WAV. Chagua bit 24 au 32 float, sampuli iwe ile ile uliyorekodia, kama projekti ni 44,100 baki 44,100, usipandishe 48,000 ukidhani ubora unaongezeka, hauongezeki. Weka alama kwenye Split mixer tracks. Pale penye mkia chagua Leave remainder, ili rivabu (mwangwi) ya mwisho iishe yenyewe isikatwe kama mtu aliyezimiwa maiki msibani.

Sasa swali la watu wote: nitoe zikiwa na efekti au kavu? Mi natoa mara mbili. Folda moja naiita KAVU, efekti zote zimezimwa, ya pili naiita MBICHI NA VIUNGO, jina la kijinga najua, humo ziko na EQ na rivabu zake. Sababu ni kwamba zile plagini za asili za FL nyingi hazifunguki zenyewe nje ya FL, kwahiyo ile rivabu uliyoipenda ukishahama haipo tena, imebaki ndani ya lile faili tu. Ukiwa na zote mbili una uhuru.

Kwa vitu vya kinanda toa na MIDI pia. FL ina ile Prepare for MIDI export kwenye Tools, Macros, ifanye kwenye ile kopi ya KUHAMA na sio kwingine, maana inabadilisha projekti na vyombo vyako vinaondoka. Na ifanye MWISHO, baada ya WAV zote kutoka.

Toa pia wimbo mzima kwa faili moja, masta ikiwa imezimwa vile vile na efekti za traki zikiwa zimewashwa. Utauhitaji muda si mrefu. Mwisho andika faili la maandishi, notipadi tu: BPM (mapigo kwa dakika) ngapi, kama tempo inabadilika inabadilika wapi, sampuli ngapi, ufunguo gani, nani aliimba nini, gitaa lilikuwa la nani. Dakika tano. BPM iandike na desimali zake, 92 na 92.4 ni vitu viwili tofauti ukifika dakika ya tatu.

KUPOKEA UPANDE WA PILI

Fungua Reaper. Kabla hujaingiza faili hata moja bonyeza Alt na Enter, weka BPM na sampuli. Nasema kabla, kwa sababu Reaper kwa mpangilio wake wa kawaida inazifunga sauti kwenye mapigo ya tempo, ukiingiza faili kwanza halafu ndo ubadilishe BPM, inavuta sauti zote zifuate, kwaya nzima inaimba kama imelewa.

Halafu hifadhi projekti hapo hapo, ikiwa bado tupu. Kwenye dirisha la kuhifadhi weka alama pale pa kutengeneza folda ya projekti na pale pa kukopi sauti zote ndani yake. Usipofanya hivyo rekodi zako zitaenda kukaa kwenye folda ya jumla ndani ya Documents, nyimbo za watu wote zimechanganyika, na siku ukihamisha projekti kwenye flashi unafika kwa jamaa inakuambia faili halionekani.

Sasa zikamate zote za folda ya MBICHI NA VIUNGO, ziburute mpaka mwanzo kabisa wa Reaper, itakuuliza uziweke traki moja au tofauti, chagua tofauti. Play. Ukisikia wimbo wako unatoka, shukuru, ila usiamini masikio bado.

Jaribio lenyewe ni hili na mi nalipenda kuliko kitu chochote kwenye mwongozo huu. Ingiza lile faili la wimbo mzima kwenye traki yake, liwe sambamba na mengine. Fada (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zote ziwe sifuri, pani (za kushoto na kulia) zote katikati, hakuna efekti popote. Kwenye ile traki ya wimbo mzima bonyeza kile kialama cha sifuri iliyokatwa mstari, Ø. Kinageuza wimbi juu chini. Sasa kama traki zako zikijumlishwa ni sawasawa na wimbo mzima, zinafutana, unapiga play na chumba kinakuwa KIMYA, unaona tu mafaili yanatembea kwenye skrini. Mara ya kwanza nilidhani hedifoni imechomoka. Ukisikia kitu kimebaki, hicho ndo kilichokosewa: ikibaki besi peke yake basi besi haikutoka au imetoka mara mbili, ukisikia wimbo mzima kwa mbali ukiwa umebanwabanwa basi masta hukuizima. Vimkia vya rivabu au vya efekti ya chorus vikibaki kidogo usiogope, efekti nyingine zina bahati nasibu ndani yake, hazitoki sawa mara mbili.

Ikipita, futa ile traki ya wimbo mzima, na hapo ndo unaweza kurudi FL ukaanza kutoa nyimbo zilizobaki. Mbili tatu kwa siku, huku unakunywa chai.

KUREKODI: SAUTI INAYOCHELEWA

Bonyeza Ctrl na P, Preferences zinafunguka, tafuta Audio, Device. Kama una kadi ya sauti ya nje, Scarlett au Behringer au yoyote, instoo draiva yake na uchague ASIO, aina ya draiva inayopunguza kuchelewa. Kama unatumia kadi ya ndani ya laptopu basi ASIO4ALL, ya bure. Kisha bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukipitisha, kikiwa kikubwa sauti inachelewa. Bafa ya 256 kwa 44,100 ni kama milisekunde 6, ya 1024 ni 23, na hiyo ni upande mmoja tu, kuna kuingia na kutoka. Ukirekodi weka 128 au 256, ukimiksi ukiwa na plagini nyingi pandisha 1024 laptopu ipumue.

Mi nilisahau. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza na Reaper, kaja mama mmoja wa kwaya, mtu mzima, soprano hatari, nikamwamkia nikamvalisha hedifoni, nikawasha. Akaimba mstari mmoja akasimama.

"Mwanangu, kuna mtu anaimba nyuma yangu?"

"Hapana mama, uko peke yako humo."

"Basi huyo anayenifuatisha ni nani?"

Nikavaa hedifoni mwenyewe, kweli, sauti mbili. Bafa ilikuwa 1024 halafu nilikuwa nimewasha kusikiliza kwa njia mbili, ile swichi ya direct kwenye kadi na ile alama ya spika kwenye traki ya Reaper. Ya kadi inakuja papo hapo, ya Reaper inazunguka kwenye kompyuta kwanza. Chagua moja. Mi natumia ya kadi, na ile spika ya kwenye traki naizima kabisa, mwimbaji akitaka rivabu ili ajisikie vizuri ndo nabadilisha na kushusha bafa 128. Yule mama kwa bahati alicheka, akasema alidhani ni marehemu dada yake, maana walikuwa wanaimba wote.

MIKONO KUZOEA

Hapa panahitaji wiki mbili tu za kuvumilia. Ctrl na T traki mpya. Ile duara nyekundu kwenye traki inaiandaa kurekodi, Ctrl na R inaanza. S inakata sauti pale ulipo. R inawasha kurudia. M inaweka alama, mi naweka kila ubeti na kila kiitikio mapema kabisa. Ctrl, Alt na R ndo kutoa wimbo. Kiulizio kinafungua orodha ya amri zote, na unaweza kukibadilisha kitufe chochote kifanane na ulichozoea kule ulikotoka, ila mi nashauri usibadilishe mwanzoni, utakapoangalia video za kujifunza hutaelewa wanabonyeza nini.

Kitu cha kuogopa: Alt na P. Hiyo inawasha ripple, ambapo ukifuta kipande kimoja vya mbele yake vinasogea kuziba pengo. Kwa podikasti ni tamu, kwa wimbo ni balaa. Ukiona umefuta kikohozi kimoja na traki zote za tena (tenor) zimeingia kabla ya gitaa, Ctrl na Z haraka kisha angalia hicho kitufe hapo juu.

Traki za Reaper hazina aina, hiyo hiyo inabeba sauti, MIDI, au inakuwa folda ya nyingine. Kwa kwaya natengeneza folda nne, soprano, alto, tena, besi, kila moja ina traki zake ndani, folda ya tano vyombo. Nikitaka kushusha waimbaji wote wa tena nashika fada moja. Ukishapanga hivyo ihifadhi kama templeti na hutaanza tena toka sifuri.

Plagini zake zenyewe, ReaEQ, ReaComp, ReaDelay na wenzake, sura zao mbaya kweli, kama fomu ya benki, ila zinafanya kazi na hazilemei mashine. Vyombo vya kupiga ndo karibu hamna, usitegemee piano nzuri humo. Plagini za VST ulizonazo zitaonekana ukiielekeza folda zilipo, na kama una FL kwenye Windows yenyewe inaweza kufunguka ndani ya Reaper kama plagini, kwahiyo biti unaendelea nazo kule, sauti za watu huku.

Suala la umeme. Kwenye Preferences, Project, washa kujihifadhi yenyewe kila dakika 5 na iweke kopi zenye muda wake. Laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko deskitopu yenye nguvu isiyo na UPS, hasa miezi ya masika, Machi mpaka Mei, umeme unacheza na mvua ikipiga bati hurekodi kitu hata hivyo. Mi siku hizo ndo natoaga nyimbo za zamani.

Ukishaweka mambo yako yote sawa, nenda Preferences, General, kuna Export configuration, toa mipangilio yako kwenye faili. Na wakati wa kuinstoo kuna chaguo la portable, unaiweka Reaper nzima kwenye flashi, unaenda nayo kwa jamaa Sakina au Njiro unafungua na kila kitu kiko vile vile.

Ya zamani usiifute. Mimi FL bado ipo, na projekti zote za asili ziko kwenye hard diski mbili, moja hapa kabatini, ya pili nilimpelekea dada yangu Majengo, Moshi. Kila nikienda kusalimia nabeba laptopu, naongeza mapya, naichomeka kidogo nione kama bado inasoma, naiacha kwenye sanduku lake la vitenge.